Kimbunga kikishapita, mzee asiyetoka nyumbani anamtegemea nani?

Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, tarehe 20 Septemba 2017, serikali ilitangaza vifo 64. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha George Washington kilitoa makadirio yake: hadi Februari 2018 watu 2,975 walikuwa wamekufa zaidi ya idadi ya kawaida. Serikali ya kisiwa iliikubali hesabu hiyo. Walioathirika zaidi walikuwa wanaume wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na wakazi wa manispaa maskini, na kwa hao wa manispaa maskini hatari ilikuwa bado iko juu utafiti ulipofika mwisho. Upepo ulikuwa umeshatulia zamani.

Kwa hiyo sisi tunaoshughulika na afya ya wazee hatuishii kuuliza kimbunga kilikuwa cha daraja la ngapi. Tunauliza mzee anaishi ghorofa ya ngapi, nani anamwogesha, na nyumba imeandikwa kwa jina la nani.

Wazee wasiotoka nyumbani, au wanaotoka kwa nadra sana, walikadiriwa kufikia milioni 2 nchini Marekani mwaka 2011. Ni wengi kuliko wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, lakini hawaonekani kirahisi. Baada ya Kimbunga Irma cha 2017, wakazi wa nyumba moja ya wazee huko Florida walikufa kwa joto kiyoyozi kilipozimika. Mwaka 2018 jimbo hilo likaweka sheria kwamba nyumba za aina hiyo ziwe na umeme wa dharura wa kutosha saa 96. Sheria hiyo haimgusi mzee wa umri uleule, mwenye maradhi yaleyale, anayeishi chumbani kwake mtaa wa pili.

Tumtazame huyo. Asubuhi mhudumu huja, humgeuza kitandani, humbadilisha nguo, humpangia vidonge vya siku na kuangalia kama mgongo umeanza kuwa mwekundu. Kimbunga kikipita, barabara imejaa maji na mabasi hayapiti. Nyumba ya mhudumu mwenyewe imeingia maji, na kwa kuwa analipwa kwa saa, siku asipofika hana ujira. (Wasomaji wetu wanaofanya kazi hii huko ughaibuni hawahitaji kuelezwa.) Siku chache bila kugeuzwa zinatosha kuanzisha kidonda cha kulalia, na kidonda hicho huweza kuchukua miezi kupona. Baadaye kwenye faili kitaandikwa kidonda, wala hapatakuwa na mahali pa kuandika kwamba basi halikuja.

Umeme nao una mambo yake. Mashine ya kuvuta oksijeni kutoka hewani, godoro la hewa, kitanda cha kunyanyuka na lifti ya jengo vyote huzimika kwa mpigo. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji takriban siku 28 mahali pasipo na joto kali, lakini chumba kisicho na kiyoyozi Florida mwezi Septemba si mahali pa namna hiyo. Mwenye uwezo atanunua jenereta au kuhamia hoteli. Asiye nao atasubiri, na Puerto Rico baadhi ya watu walisubiri umeme karibu mwaka mzima. Tangu 2013 wizara ya afya ya Marekani ina mfumo wa kuonyesha ni wangapi, kati ya wenye Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), wanaotegemea vifaa vya umeme katika kila eneo. Ni kazi nzuri. Hata hivyo ramani haipandi ngazi. Lazima apatikane mtu wa kugonga mlango, na kwa maoni yangu huko ndiko fedha zinakopungua.

Jambo ambalo watu wa afya tunalisahau ni hatimiliki. Miongoni mwa familia nyingi za Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, na Puerto Rico pia, nyumba hurithiwa bila karatasi kubadilishwa: babu alijenga, bibi akabaki, sasa anaishi binti mwenye miaka 78. FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, kwa miaka mingi lilidai uthibitisho wa umiliki ambao watu hawa hawakuwa nao. Masharti yalilegezwa mwaka 2021, na sasa mtu anaweza kujiandikia tamko pale ambapo hati nyingine hazipatikani. Kabla ya hapo, waliokataliwa walirudi kulala chini ya paa linalovuja, kuvu ikipanda ukutani, ilhali mwenye pumu au mapafu dhaifu anahitaji ukuta mkavu kama anavyohitaji dawa.

Anayemhudumia mzee wa namna hii afanye haya kabla ya msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30. Huko Florida amwandikishe mapema kwenye kaunti kwa ajili ya makazi ya dharura ya wenye mahitaji maalumu. Amwulize daktari uwezekano wa dawa za akiba, kisha akubaliane na jirani mmoja wa karibu atakayepanda ngazi. Na barua ya FEMA ya kukataa ikija, asiitupe. Rufaa inapokewa ndani ya siku 60 tangu tarehe iliyo kwenye barua, na mtu mwingine anaweza kumwandikia mzee iwapo mzee atatia sahihi ya kumruhusu.