Ikama ya walimu ni nini, na kwa nini shule yenye walimu wengi inakosa mwalimu

Ingia ofisi ya mkuu wa shule ya sekondari ya serikali hapa Tanzania, hasa hizi za kata, uangalie ukuta ulio nyuma ya kiti chake. Kati ya ratiba kuu na kalenda ya mwaka juzi utakuta karatasi ya manila yenye jedwali lililochorwa kwa makapeni: SOMO, MAHITAJI, WALIOPO, UPUNGUFU, ZIADA. Chini yake kuna jingine dogo la ME, KE na JML. Hiyo ndiyo ikama ya shule.

Ikama ni idadi ya watumishi ambayo kituo cha kazi kinastahili kuwa nayo, kada kwa kada. Waislamu wanalijua neno hili kwa kazi nyingine: ni mwito wa pili, ule unaowasimamisha watu safuni sala inapoanza. Huko angalau ukikimu, watu wanasimama. Shuleni ikama inaweza kusomwa mwaka mzima na safu ikabaki na mapengo, maana inahesabu nafasi, haihesabu watu.

Wengi huichanganya na uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi. Uwiano ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua shule ya mfano yenye wanafunzi 600 na walimu 24: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 25. Ukiisoma namba hiyo kwenye taarifa utasema shule iko vizuri. Sasa rudi kwenye manila. Historia ziada 3, Kiswahili ziada 2, Fizikia waliopo 0. Wale 24 ni kweli wapo, wanasaini kitabu cha mahudhurio kila asubuhi, lakini kidato cha tatu hakijawahi kufundishwa umeme.

Ikama ya somo hupatikana kwa kuhesabu vipindi. Shule hiyo hiyo ina vidato vinne, kila kimoja mikondo mitatu, jumla mikondo 12. Hisabati ikiwa na vipindi 6 kwa wiki kila mkondo, hivyo ni vipindi 72. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 24, wanahitajika walimu watatu. Akiwepo mmoja, ama abebe vipindi vyote 72 vya dakika 40, jambo lisilowezekana kwa siku tano, ama achague. Kwa kawaida huchagua kidato cha nne, kwa sababu kina mtihani wa taifa, na cha kwanza kinajifundisha chenyewe. Miaka mitatu baadaye watoto hao hao wanafika kidato cha nne, na watu wanashangaa matokeo ya Hisabati.

Ziada ya walimu wa sanaa, yaani wa masomo kama Historia na Kiswahili, si jambo la kubuni. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania iliwahamisha walimu wa sanaa waliozidi sekondari wakafundishe shule za msingi, ambako walimu walikuwa pungufu. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Mwalimu aliyesomea kufundisha Historia kidato cha nne akajikuta mbele ya darasa la pili akifundisha kusoma, kazi yenye ufundi wake kabisa.

Na upungufu ulioandikwa ukutani haumaanishi kwamba kuna ajira inayosubiri mtu. Mkuu wa shule hupeleka mahitaji kwa afisa elimu sekondari, halmashauri huyaingiza kwenye makisio ya ikama na mishahara, kisha panahitajika kibali cha ajira na fedha za mishahara. Shule inaweza kupungukiwa walimu tisa, halmashauri nzima ikapata kibali cha wachache, wakagawanywa. Kuna pia walioko kwenye ikama lakini hawako darasani: aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi ya siku 84, mgonjwa wa muda mrefu. Nafasi zao zimejaa, kwa hiyo hakuna wa kuziba.

Wasio walimu ndio wanaosahaulika zaidi. Sekondari inahitaji mhasibu, karani, fundi sanifu wa maabara, mkutubi, mlinzi, mpishi, na ya bweni iongeze matroni na muuguzi. Katika shule nyingi za kata safu hizo ni tupu. Kazi zenyewe hazikosi kufanyika, huangukia walimu. Mwalimu wa Uraia anaandika hati za malipo na kushinda benki mjini siku ya kutoa fedha. Mwalimu wa Kemia anaosha mirija ya maabara mwenyewe, anapanga kemikali, halafu ndipo afundishe. Mwingine ana ufunguo wa stoo ya mahindi. Kwa hiyo ukiona walimu 24, toa vipindi vinavyoliwa na kazi hizo. Hakuna safu yake kwenye manila, na kwa maoni yangu ingestahili kuwepo. Mlinzi naye mara nyingi hulipwa kwa michango ambayo wazazi wamekubaliana kikaoni; mchango ukisuasua, na yeye anatafuta shamba la kulima.

Kenya wamegawa mambo haya kwa namna nyingine: Tume ya kuajiri walimu, TSC, inaajiri walimu peke yao, na wafanyakazi wengine ni mzigo wa bodi ya shule. Bodi hiyo hiyo huajiri walimu wa kuziba mapengo, wale wanaoitwa walimu wa BOM, kwa kifupi cha Kiingereza cha bodi yenyewe. Kwetu kazi hiyo hufanywa na walimu wa kujitolea, ambao hawaingii kwenye ikama hata kama ndio wanaofundisha Fizikia peke yao.

Kitu kimoja zaidi kuhusu ile manila. Ukisogea karibu utaona safu ya MAHITAJI imeandikwa kwa wino, ya WALIOPO kwa penseli. Karatasi pale imechakaa kwa kufutwa. Barua za uhamisho huja wakati wowote.