Mwanao si mvivu, saa yake imesogea

Mama mmoja aliingia kliniki kwangu hapa Mombasa akimtanguliza mwanawe wa miaka 15 kama anayepeleka mshtakiwa kwa chifu. Hata kiti hakukalia. "Daktari, niangalizie huyu. Usiku halali, asubuhi haamki. Babake ashammwagia maji mara mbili. Mwalimu asema darasani ni kusinzia tu. Mimi nachelea ameingia kwenye unga."

Kijana mwenyewe alikuwa akipiga miayo. Ilikuwa saa 3 asubuhi. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.)

Nilimpima, kisha nikamwomba mama atupishe kidogo. Nikauliza yale ninayouliza kila kijana wa rika lile: sigara, muguka, mapenzi, huzuni, kama kuna anayemwonea. Sikupata kitu. Ndipo nikauliza kuhusu ratiba yake. Nyumbani ni Likoni, shule iko kisiwani. Ili aiwahi feri kabla watu hawajajaa, huamka saa 10 na nusu alfajiri. Jioni ana tuisheni, anafika nyumbani saa 1, ale, aoge, afungue vitabu. Kitandani anapanda saa 5 na nusu. Masaa matano basi, siku tano kwa wiki. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza masaa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 mpaka 18.

Mama alipoisikia hesabu hiyo alikuwa na jibu tayari: "Basi na alale saa 2 usiku!"

Nikamwambia akilala saa 2, atalala na macho wazi.

Ndani ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna fungu dogo la seli linaloendesha saa ya mwili. Jioni giza likiingia, saa hiyo huagiza melatonini itolewe, nayo huuarifu mwili kwamba usiku umefika. Mtoto akianza kubalehe, agizo hilo huchelewa, mara nyingi kwa saa nzima, kwa wengine hata mbili. Tena si hilo tu. Uzito wa usingizi unaojikusanya mchana kutwa, ule unaomfanya mtoto wa miaka 7 aangukie sahani ya ubwabwa, kwa kijana hujaa polepole zaidi. Kwa hiyo saa 3 usiku, wakati baba anakoroma, yeye ndiyo kwanza amechangamka. Mzazi anaona kiburi. Mimi naona homoni.

Kuna watakaosema ni simu. Simu inaongeza, sikatai, maana mwanga wa usiku huisukuma saa hiyo mbele zaidi. Lakini si simu iliyoanza. Mtafiti Mary Carskadon wa Marekani alianza kupima usingizi wa watoto katika kambi ya kiangazi kule Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970, simu za mkononi hazijulikani. Alitarajia kuona kwamba kadiri mtoto anavyokua, haja ya usingizi inapungua. Haikupungua. Walipopewa nafasi ya kutosha, wadogo kwa wakubwa walilala kama masaa 9, na waliokwisha kubalehe walizidi kusinzia mchana. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba kupenda kuchelewa kulala kunafuatana na hatua za balehe.

Sasa tazama nini kinaibwa alfajiri. Usingizi mzito, unaoandamana na homoni ya ukuaji, huja zaidi mwanzoni mwa usiku. Usingizi wa ndoto hurundikana mwishoni. Ukimwamsha kijana saa 10 na nusu, unakata kipande hicho cha mwisho, na ndicho kinachohusika sana na kutuliza hisia na kuyapanga aliyojifunza. Halafu tunashangaa mbona kanuna na hesabu za jana kazisahau.

La ajabu ni kwamba serikali yetu ililiona hili. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinapanga muda wa kulala kwa shule za bweni kuwa saa 3 na nusu usiku mpaka saa 12 asubuhi, na masomo kuanza saa 2. Zisome, kisha muulize mwanafunzi yeyote wa bweni kengele yao inalia saa ngapi. Sidhani kama tunakosa sheria. Tunaabudu kengele ya mapema, tukidhani shule inayoamka kwanza ndiyo itakayofaulu kwanza. Jimbo la California tangu 2022 linazizuia shule za sekondari kuanza kabla ya saa 2 na nusu asubuhi.

Mimi sina uwezo wa kuhamisha feri. Tulichokata na mama huyu ni tuisheni, siku tatu kati ya tano, na hapo ndipo tulipobishana zaidi kuliko penginepo pote. Kazi za shule zifanywe kabla ya magharibi. Baada ya saa 3 taa kubwa izimwe, simu ilale sebuleni pamoja na ya baba (baba hakuipenda hii). Chai ya rangi iishie alasiri. Asubuhi akishavuka atembee badala ya kupanda tuktuk, apigwe na jua usoni, kwani mwanga wa asubuhi huivuta saa ya mwili irudi nyuma. Jumamosi na Jumapili alale zaidi, ila asipitishe saa 1 na nusu asubuhi, la sivyo Jumatatu anaanza upya kama msafiri aliyetoka bara jingine. Na kama angekuwa anakoroma kwa nguvu, au amejitenga na marafiki na chakula hakitaki kwa wiki mbili, tungezungumza mengine kabisa.

Shuleni niliandika barua kuomba aingie baada ya saa 1. Sijajibiwa. Madrasani kwake maalimu alielewa mara moja, akamhamishia zamu ya Jumamosi alasiri.

Juzi mama alinipigia. Sasa analala saa 4, anaamka saa 11 na robo. Masaa 8 hayajatimia. "Lakini daktari," akasema, "siku hizi asubuhi ananiamkia."