Kutuliza BMW R1150GS kwenye raundi za chini

Boksa ninayoizungumzia hapa siyo Bajaj ya bodaboda. Ni injini ya BMW yenye silinda mbili zilizolala, moja kushoto na moja kulia, cc 1,130, iliyokuja na R1150GS mwaka 1999. Pistoni zake hutoka nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kwa hiyo nguvu zake hufutana. Hubaki kuyumba kidogo tu, kwa kuwa silinda moja imekaa mbele kidogo ya mwenzake. Injini ya namna hii haina sababu ya kutikisa vioo na kusitasita chini ya raundi 2,500 kwa dakika. Ukiona inafanya hivyo, mara nyingi silinda moja inabeba mzigo kuliko nyingine.

Kila silinda ina throtoli yake, yaani kilango kinachoruhusu hewa kuingia, lakini sensa ya oksijeni ni moja, nayo hupima moshi wa pande zote mbili ukiwa umeshachanganyika. Kompyuta haiwezi kujua nani mvivu. Inaona wastani tu. Throtoli zikiwa zimefunguka kidogo, tofauti ya unene wa unywele ni sehemu kubwa ya hewa yote inayopita. Ukizifungua nusu, tofauti ileile inamezwa. Ndiyo maana pikipiki hutulia barabara kuu ikasumbua kwenye foleni.

Usianze na kusawazisha hewa. Ukigusa throtoli kabla ya tapeti (pengo dogo kati ya roka, mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe), unafunika kosa moja kwa kosa jingine, na hesabu haitakaa.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Toa plagi, weka gia ya sita, zungusha tairi la nyuma kwa mkono mpaka alama ya OT (pistoni zikiwa zimefika mwisho wa nje) ionekane kwenye tundu la ukaguzi. Upande ambao roka zake zote zina mchezo ndio ulio kwenye kompresheni (valvu zote zimefungwa), pima huo. Valvu za kuingiza hewa, zilizo nyuma, zinataka 0.15 mm. Za kutolea moshi, zilizo mbele, 0.30 mm. Kila silinda ina valvu nne, kwa hiyo ziko mbili za kila aina, na zote mbili zilingane. Nati ya kufungia ni Nm 8. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu skrubu hupenda kuifuata nati. Kisha zungusha krenki duara moja kamili, uhamie upande wa pili.

Pengo la plagi ni 0.8 mm. Pikipiki za kuanzia 2003 zina plagi mbili kwa silinda, na hapo kuna mtego: koili ya plagi kuu ikifa, ile ya chini huendelea kuwasha, injini haizimi, inakuwa nzito na ya kukwaruza tu. Watu huhangaika na throtoli wiki nzima wakati kosa ni la umeme. Angalia pia mipira inayounganisha throtoli na silinda hedi. Ikipasuka au klipu ikilegea, upande huo unavuta hewa ya wizi.

Sasa hewa. Endesha dakika 15 hadi 20 ili oili ipate moto, kisha weka feni kubwa mbele ya injini. Inapozwa kwa upepo na oili, haipendi kunguruma imesimama. Hakikisha kila waya wa eksileta una mchezo mdogo, kama 0.5 mm, na lever ya choki imerudi kabisa. Waya ukivuta hata kidogo, throtoli haikai kwenye stopa yake na silensa (injini ikiwaka bila kuvuta eksileta) haitakuwa ya kweli. Unganisha geji za mvuto kwenye vitundu vilivyo chini ya throtoli. Mrija mng'avu wa mita nne uliopindwa umbo la U kwenye ubao, ukiwa na oili ya tu-stroki, unapima vizuri kuliko geji nyingi za bei rahisi. Oili ikianza kupanda kwa kasi, zima mara moja kabla haijanyonywa.

Kwenye silensa, hewa hupita kwenye skrubu kubwa za shaba. Zitoe, safisha masizi kwenye ncha, zifunge taratibu mpaka mwisho, uzirudishe mzunguko mmoja na nusu. Upande ambao oili imepanda ndio unaokosa hewa. Fungua skrubu yake. Lenga raundi 1,100 na mvuto sawa pande zote.

Kisha panda hadi raundi kama 2,500. Hapa anayetawala ni waya, skrubu haina sauti tena. Rekebisha waya wa upande mmoja tu, upande wenye mvuto mkubwa ufunguke zaidi. Rudi kwenye silensa, hakiki mchezo wa waya, rudia mpaka sehemu zote mbili zikubaliane. Mara mbili au tatu ni kawaida.

Skrubu ndogo za stopa zenye rangi ya buluu usiziguse kabisa. Zilipangwa kiwandani kwa kipimo cha hewa ambacho mrija wa oili hauwezi kukirudisha.

Mwisho, injini ikiwa silensa, geuza usukani kushoto hadi mwisho, halafu kulia. Raundi zikipanda, waya unabanwa mahali chini ya tangi; upange upya kabla ya kufunga tangi.