Kutapika baada ya operesheni ya kupunguza uzito si jambo la kuzoea

Waliofanyiwa operesheni ya kupunguza uzito huambiwa mara nyingi: “Ukitapika usijali, ndivyo tumbo linavyojifunza kula kidogo.” Maneno hayo yananiumiza, maana humfanya mgonjwa avumilie nyumbani wakati anahitaji daktari.

Aina mojawapo, operesheni ya kupunguza tumbo, huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo unaopokea chakula. Kinachobaki ni kama mrija mwembamba. Tonge kubwa la nyama kavu, likimezwa haraka haraka, hukwama hapo: kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, kisha chakula kinarudi. Hiyo si dalili kwamba operesheni inafanya kazi. Umekula kwa kasi, basi. Tafuna mpaka chakula kilainike kabisa, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na uache mara tu unapohisi uzito chini ya kifua. Usisukumie chakula kwa maji. Subiri kama dakika 30 baada ya kula ndipo unywe.

Jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha muda mfupi baada ya kula vitu vitamu ni suala jingine: sukari imeingia kwenye utumbo kwa kasi mno.

Lakini ukitapika siku baada ya siku, hata maji, huenda njia ya chakula imekuwa nyembamba mno. Vitamini B1 nayo huweza kuisha mwilini ndani ya wiki chache, na upungufu wake hudhuru neva na ubongo. Ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au mapigo ya moyo yasiyotulia, nenda hospitali leo hii, usingoje kliniki ya wiki ijayo.