Mafuriko Yakishapita: Dhana Potofu za Wajitoleaji wa Kanisa Dar es Salaam, na Ukweli Wake

Masika yakiwa makali, au vuli ikizidi, sehemu za Dar zinazojaa maji ni zile zile: Jangwani, Kigogo, Mchikichini, Hananasifu, Vingunguti, Tandale kando ya Mto Ng'ombe, na kaskazini huko Tegeta na Bunju. Jumapili inayofuata, matangazo makanisani nayo huwa yale yale: leteni nguo, leteni unga, vijana tukutane saa mbili asubuhi na makoleo. Nia ni njema na watu wanaihitaji kweli. Ila yapo mambo yanayoaminiwa na wengi ambayo huwaumiza wajitoleaji, hupoteza sadaka, na mara nyingine humwachia mwenye nyumba tabu kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

“Maji yakishuka tu, tuingie”

Maji yakiwa bado yanakwenda, waachieni Zimamoto, namba 114. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kwaya nzima yenye ari haibadilishi hilo.

Yakishashuka, anzeni na umeme. Mita ya LUKU au meni swichi iliyozama isiguswe na mtu hata kama mtaa mzima umekatika, kwa sababu umeme hurudi bila taarifa. TANESCO wapigiwe simu wakate huko kwenye nguzo. Nyumba za wapangaji ndizo za kuogopwa zaidi: mara nyingi waya umevutwa chumba hadi chumba, na wakati mwingine umetoka kwa jirani, hivyo kuzima swichi moja si hakikisho la lolote. Soketi zilizozama zifunguliwe na fundi na kusafishwa kabla ya kuwasha. Nje huonekana kavu, kumbe ndani limebaki tope laini lenye unyevu, na hilo ndilo linaloleta shoti.

Kisha zungukeni nyumba kwa nje. Udongo wa mabondeni una mchanga mwingi, na maji huusomba kutoka chini ya msingi. Ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali, ufa wa kuingia kidole, mlango uliokuwa ukifunga na sasa umekwama: ukiona mojawapo, asiingie mtu hadi fundi mwashi aangalie. Kuta za uzio zilizolaliwa na tope upande mmoja huanguka hata siku kadhaa baada ya mvua kukata.

La mwisho ni choo cha shimo. Shimo likiwa limejaa, maji huusaidia udongo wa pembeni usimame. Yakishuka, udongo ule umelowa na hauna cha kuegemea, na juu yake mara nyingi pana kifuniko chembamba cha zege. Pimeni ardhi kwa mti mrefu kabla ya kukanyaga, mfunge kamba umbali wa mita 2 kuzunguka shimo, na mumuulize mwenyeji kama kuna shimo la zamani lililofukiwa. Wenyeji wanayajua yalipo, mgeni hayajui.

“Kutoa tope ni kazi ya asubuhi moja”

Pigeni hesabu kabla ya kutoa tangazo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye tope la sentimita 10 kina mita za ujazo 0.9, yaani lita 900. Kwa toroli la lita 60 hizo ni safari 15. Likiwa bado bichi, lina uzito wa kama tani moja na nusu. Hicho ni chumba kimoja, na nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, ukumbi na ua. Kikundi cha watu wanane wakifanya kazi vizuri, wakipokezana koleo kila nusu saa na kunywa maji, wamalize vyumba viwili au vitatu kwa siku, nao watakuwa wamechoka hasa. Kuahidi nyumba kumi halafu kuacha saba zikiwa nusunusu ni kuwavunja moyo watu waliokwisha vunjika.

Tope litolewe likiwa bado laini. Likikauka hugeuka kama saruji, na vumbi lake huingia kifuani. Likishakauka, lilowesheni kidogo kwanza. Toeni vyombo nje, anzeni chumba cha ndani kabisa mkielekea mlangoni, na kuta zioshwe kuanzia juu kwenda chini wakati sakafu bado ni chafu. Wengi husafisha sakafu kwanza ikang'aa, kisha wakaosha ukuta, na kazi ikaanza upya.

Na tope liende wapi? Hapa ndipo nia njema huharibu mtaa mzima. Likisukumwa kwenye mtaro, mvua ijayo italirudisha kwenye chumba kile kile, au kwa jirani wa chini. Lijazwe kwenye viroba, nusu ya kiroba tu ili mtu mmoja aweze kukibeba bila kuumiza mgongo, na vipangwe mahali ambapo gari linafika. Ongeeni na mtendaji wa kata kuhusu gari la manispaa kabla ya siku ya kazi. Lisipopatikana, sehemu ya sadaka ikodi gari. Mara nyingi shilingi hiyo ina faida kuliko magunia matatu ya unga.

Vaeni gambuti, glavu nene za mpira, na suruali ndefu. Tope la Mto Msimbazi lina misumari, vioo, na kinyesi cha vyoo vilivyofurika. Kidonda kidogo kinaweza kuleta pepopunda, na hapa vijana wa kiume ndio wa kuangaliwa: wanawake wengi hupata chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito, ilhali wanaume wengi walichanjwa mara ya mwisho utotoni. Pia kuna homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine uliochanganyika na maji. Mjitoleaji akipata homa, maumivu ya misuli na macho mekundu ndani ya mwezi mmoja, amwambie daktari waziwazi kwamba alifanya kazi kwenye tope la mafuriko. Asiposema, ataishia kupimwa malaria na kurudishwa nyumbani na panado.

“Jik ikimwagwa ya kutosha, pamekuwa safi”

Klorini ikikutana na tope huishia kupambana na tope, vijidudu vikabaki salama. Mpangilio ni huu: tope litoke, paoshwe kwa sabuni na brashi ngumu, pasuuzwe, ndipo dawa ipite.

Someni chupa. Kama imeandikwa asilimia 3.5, nusu lita na kidogo kwenye ndoo ya lita 20 inatosha kwa sakafu na kuta. Palipofurika choo panataka kali zaidi: kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji. Maji yawe ya baridi, maana moto huiua dawa. Ikae dakika 10 kabla ya kufuta, na iliyobaki isitunzwe kwa kesho. Madirisha yawe wazi, na isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hewa inayotoka humkaba mtu pumzi.

Godoro la sponji lililozama kwenye maji ya choo halisafishiki. Linakauka juu, ndani linabaki na uchafu ambao dawa haiufikii. Mwambieni mwenyewe kwa upole, wala msilitupe yeye akiwa hayupo. Kwa kaya nyingi godoro ni mali ya kudunduliza miezi kadhaa.

“Tukitia dawa kisimani, maji yananyweka”

Ni kweli kwa sehemu, na sehemu isiyo kweli ndiyo inayoleta kipindupindu. Dawa huua vilivyomo kisimani siku ile. Kama choo kiko jirani na ardhi bado imelowa, uchafu unaendelea kuingia kesho na keshokutwa. Kwa visima vifupi vya bondeni ushauri wetu ni kwamba maji yake yafulie na kuosha nyumba, basi. Ya kunywa yatoke bombani au kwenye gari la maji linalojulikana, na bado yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, au yatiwe kidonge cha kusafishia maji kinacholingana na ukubwa wa chombo na kusubiri dakika 30. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza, vinginevyo kidonge kinapotea bure.

Kisima kinachostahili kusafishwa ni kile kilichojengewa vizuri na kilicho mbali na vyoo. Msikikaushe chote kwa pampu ardhi ikiwa bado imejaa maji, kuta zake zinaweza kuporomoka. Maji yakishatulia, pimeni: kisima chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kina lita 1,570 hivi. Gramu 300 za unga wa klorini wa asilimia 70 zikoroge kwenye lita 100 za maji, kisha mimineni lita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita 100 za kisima. Kwa mfano wetu ni lita 16. Kisima kifungwe angalau nusu saa, usiku kucha ni bora, halafu maji yachotwe na kumwagwa hadi harufu kali iishe.

“Ukuta umekauka, tupige rangi”

Ukuta wa tofali za saruji hukauka juu kwa siku chache, ndani kwa wiki nyingi. Bandikeni kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote, kilale hadi asubuhi. Kikiwa na jasho kwa ndani, subirini. Rangi au lipu inayowahi hubanduka, na kuvu huota nyuma ya kitanda cha mtoto.

“Nguo na unga ndiyo mahitaji yenyewe”

Mji huu una Kariakoo, Ilala na Karume. Nguo hazijaisha Dar, kilichoisha ni fedha ya kununulia. Marundo ya mitumba huhitaji watu wa kuchambua, chumba cha kuhifadhi, na nusu yake hayamfai mtu. Unga nao unataka sufuria, jiko, mkaa na maji safi, na vyote vimekwenda na maji.

Vitu vinavyotumika kweli ni ndoo yenye mfuniko, sabuni ya mche, chandarua, taulo za kike, sufuria, sare za shule na madaftari. Baada ya hapo, fedha. Mkituma kwa simu, tumeni na ya kutolea, maana makato yanaumiza mwenye kupata kidogo. Na kabla ya kutuma ulizeni kama laini bado anayo. Aliyepoteza simu kwenye maji atahitaji kurudisha laini kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na pengine kitambulisho kimepotea pia. Mjitoleaji mmoja wa kuwasindikiza watu kwenye maduka ya simu, polisi kuchukua taarifa ya upotevu, na RITA kwa vyeti vya kuzaliwa ana thamani ya watu kumi wenye makoleo, ingawa hakuna anayempiga picha.

“Tuanze na wa kwetu, orodha ya jumuiya inatosha”

Orodha ya kanisa huwajua waumini wa kanisa. Mabondeni wanaishi Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na misaada inayoishia kwa upande mmoja huacha chuki ambayo haiondolewi na mahubiri. Kaeni na mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa mashina, na imamu wa msikiti wa karibu, mtengeneze orodha moja. Msigawe Ijumaa mchana. Kama kuna nyama, ichinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale bila wasiwasi. Masika ya 2024 yaliingiliana na Ramadhani: chakula kilichopikwa kilipaswa kufika jioni.

Andikisheni kwa kaya, siyo kwa nyumba. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, na mkiandika jina la mwenye nyumba peke yake, watano hawapo. Orodha isirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaligusa kanisa pia, na picha ya mama akipokea sabuni ipigwe tu kama ameridhia bila kuhofia kunyimwa.

“Wa bondeni wamejitakia”

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kwa mtu anayebeba mizigo Kariakoo au kuuza mboga Ilala, nauli ya kwenda na kurudi kutoka huko inameza kipato. Wengi wa waliobaki mabondeni ni wapangaji, na fidia ya nyumba humwendea mwenye nyumba. Mpangaji anayetaka kuhama hukutana na kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Usharika ukichangia miezi miwili ya kodi kwa kaya chache, au ukimdhamini mtu kwa mwenye nyumba muumini akubali kulipwa mwezi kwa mwezi, umemtoa mtu bondeni kweli.

“Wiki mbili zinatosha”

Wiki ya pili ndipo wageni wanapoondoka na mbu wanapoanza kuruka: yai la mbu wa dengi huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi hivi, kwenye matairi, madumu na makopo yaliyoachwa na maji. Pangeni Jumamosi za kuyamwaga. Wiki ya sita hadi ya nane ndipo kuta zinapokuwa tayari kwa lipu, na mafundi wa kanisa wanahitajika wakati huo kuliko siku ya kwanza. Kisha Septemba, kabla vuli haijaanza Oktoba, mitaro izibuliwe kuanzia chini inakomwaga kwenda juu, na gari la kubeba tope liwe limeshapatikana kabla koleo la kwanza halijaingia mtaroni.