Darasa la chekechea lisijae sana, mwachie mtoto naye kitu cha kufanya

Ukiingia madarasa mengi ya watoto wadogo unakuta kuta zimejaa mpaka juu, herufi, namba, wanyama, maua ya karatasi, vitu vinaning'inia darini, na mwalimu kakesha anakata na kubandika. Naelewa kabisa, ule ni upendo. Ila mi kazi yangu ni kupanga madarasa ya awali na kuwanoa walimu wake, na ombi langu la kwanza karibu kila mara ni hili: tutoe vitu, tusiongeze.

Mwaka 2014 watafiti watatu Marekani, Anna Fisher, Karrie Godwin na Howard Seltman, walifundisha watoto 24 wa chekechea masomo mafupi ya sayansi, mengine kwenye chumba chenye mapambo tele, mengine kwenye chumba ambacho mapambo yameondolewa. Penye mapambo macho ya watoto yalihama zaidi na walichoelewa kikapungua. Ni utafiti mdogo, lakini yeyote aliyewahi kufundisha watoto wa umri huu ataona mantiki yake. Simaanishi kuta ziwe tupu jamani, naomba tu ukuta uwe wa watoto, kazi zao wenyewe, tena zibandikwe chini wanapoona, maana mtoto wa miaka minne akisimama macho yake kwa kawaida hayafiki hata mita moja kutoka sakafuni. Chuchumaa uangalie darasa lako kutoka hapo, utashangaa.

Rafu nazo ziwe fupi. Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitaliano, alipofungua shule yake ya watoto wadogo iliyoitwa Nyumba ya Watoto, Roma mwaka 1907, alisisitiza samani za kimo chao, na maana yake ilikuwa mtoto achukue mwenyewe na arudishe mwenyewe bila kuomba ruhusa kila dakika. Leo bado tunaweka vitu vya kuchezea juu ya kabati vikae vizuri.

Sasa uweke nini kwenye hizo rafu, hapa ndo penyewe. Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba ubunifu unategemea kwa kiasi kikubwa mazingira yana vitu vingapi vinavyoweza kuhamishwa na kubadilishwa. Yaani maboksi, vitambaa, kamba, vipande vya mbao, vizibo, mawe laini (vidogo visifike kwa wale wanaotia kila kitu mdomoni, na kamba zisiwe ndefu). Gari la plastiki linalolia king'ora ni gari tu asubuhi mpaka jioni, kitambaa hakina jina.

Niliwahi kukaa pembeni naangalia watoto wa miaka mitano na kitambaa kirefu cha bluu, mmoja akakitandaza kikawa mto, akaamuru wenzake wavue viatu kabla ya kuvuka, mwingine akasema mto una mamba kwa hiyo hakuna kuvuka, wakaburuza boksi liwe daraja, wakaanza kubishana daraja litabeba watu wangapi, na yule mdogo kuliko wote akateuliwa kuhesabu. Ona hapo kuna hesabu, lugha, mazungumzo ya kupatana, vyote ndani ya kitambaa kimoja. Mwalimu akasogea kwa nia njema kabisa akauliza, "Hii ni rangi gani?" Wakajibu wote kwa pamoja, "Bluu!" Mchezo ukaisha palepale, wakamwangalia yeye kusubiri swali lingine.

Angeweza kusema, "Mi nina mzigo mzito, nipitie wapi?" Swali la namna hiyo linaingia ndani ya mchezo. Saa ingine hata hilo halihitajiki, kaa chini, tazama, kumbuka walichosema. Vivian Paley, mwalimu wa Chicago, alikuwa anaandika hadithi za watoto neno kwa neno wanavyosimulia, alafu siku hiyohiyo darasa linaigiza hadithi na msimulizi anachagua atakuwa nani. Mtoto anayeona maneno yake yameandikwa bila kusahihishwa kesho anakuja na hadithi ndefu zaidi.

Na muda, tafadhali. Dakika kumi na tano zinaishia kwenye kugombea nani awe mama, mchezo wenyewe unaanza kukolea baada ya hapo, kwa hiyo tenga saa nzima kama ratiba inaruhusu.

Ila vyote hivi havifanyi kazi kama mtoto ana hofu. Mpokee mlangoni kwa jina lake, ratiba ya picha iwepo ajue kinachofuata ni nini, kona ya kutulia isiwe kona ya adhabu. Rangi ikimwagika sponji iwe jirani, afute, aendelee kuchora, hakuna haja ya kupandisha sauti.

Najua wengi mtaniambia watoto ni wengi na chumba ni kidogo. Basi kona zako za kuchezea ziishi ndani ya maboksi, mkeka unakunjuliwa, boksi linafunguliwa, wakimaliza linarudi, na makundi yanapokezana. Usipange upya darasa zima kwa mkupuo maana watoto wanapenda kujua kitu kiko wapi. Anza na rafu moja, punguza nusu ya vilivyomo, kaa wiki mbili uone wanashika nini na wanapita nini, kile kisichoguswa ndo ukibadilishe.