Weusi wa bia si kipimo cha ukali

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila sikukuu zinapokaribia: "Bia ikiwa nyeusi, ndivyo inavyolewesha zaidi." Si kweli, na bia za Uskoti zinalionyesha hilo vizuri.

Rangi hutokana na kimea. Kikikaangwa sana, hata kiasi kidogo tu hutia bia weusi. Kilevi ni habari nyingine: hutokana na sukari ambayo hamira imeigeuza wakati wa kuchachuka. Ndiyo maana bia ya Uskoti iitwayo "shilingi 60" mara nyingi ni nyeusi kuliko ile ya "shilingi 80", ilhali kilevi chake ni kama asilimia 3 tu. Na zipo bia za Ubelgiji za rangi ya dhahabu zinazopita asilimia 7.

Hizo shilingi nazo huwachanganya watu. Zilikuwa bei ya pipa katika karne ya 19, zikiandikwa 60/-, karibu kama tunavyoandika bei dukani kwetu. Si asilimia ya kilevi.

Tunachanganyikiwa kwa sababu ladha ya karameli na ya kuungua huujaza mdomo, nasi tunaiita ukali. Anayelinganisha bia mbili afumbe macho, aonje kidogo kidogo, kisha asome asilimia kwenye lebo. Lebo ndiyo ya kuaminiwa, hasa kwa anayetaka kujua kiasi alichokunywa.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.